Duka la chensoo (misumeno ya injini) kupokea mashine za zamani na kuuza yuzdi, yaani zilizotumika, ni biashara au najitafutia matatizo?

Mbao_Mufindi:
Wakuu habari za jioni. Nina duka dogo Mafinga, nauza chensoo mpya, cheni, baa (ule upanga ambao cheni inazungukia), oil na spea. Wateja wangu wengi ni vijana wanaokata misindano na milingoti, wengine shamba la miti la serikali la Sao Hill, wengine mashamba ya watu binafsi. Sasa kila wiki lazima aje mtu na mashine begani, bosi chukua hii niongeze hela unipe mpya. Mpaka leo nakataa. Lakini naona akitoka hapa anaenda kuiuza kijiweni bei ya kutupa, ile hela inaliwa nyumbani, mashine mpya hainunuliwi, mimi nimekosa mteja na yeye msimu mzima anabaki kibarua kwenye mashine ya mtu, na kusema kweli inaniuma maana wengine nimewauzia mashine yao ya kwanza. Halafu kuna wanaoanza, milioni mbili hawana, wanauliza kama nina yuzdi nzuri. Nianze kupokea au niache? Waliowahi kufanya naombeni uzoefu.

FundiKabureta:
Mkuu pokea, ila usipokee mashine ambayo haijafunguliwa mbele ya mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapoumia, mtu anavuta kamba mara mbili inanguruma anasema nzima, wakati chensoo mbovu inaweza kuunguruma vizuri dakika tano halafu ikipata moto inazima na haiwaki tena mpaka ipoe. Mimi nafanya hivi: kwanza naining'iniza kwa mpini wa kamba ikiwa ya baridi, ikishuka yenyewe kwa haraka ujue kompresheni (mgandamizo wa injini) imekwisha. Halafu napima kwa geji, ikiwa chini ya psi 100 siihesabu kama mashine, hiyo ni spea. Halafu nafungua ekzosi, ni bolti mbili tatu tu, namulika tochi naangalia pistoni. Ukiona mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi basi ilitembea bila oil ya kutosha kwenye petroli au inavuta hewa kwenye sili (raba za kuziba) za krenki, na hii ya kuvuta hewa ni mbaya zaidi kwa sababu ukifunga pistoni na ringi mpya bila kubadilisha sili itaunguza tena na mteja atakuja kukulaumu wewe. Mwisho nashika flaiwili (gurudumu la kwenye krenki) natikisa juu chini, ikicheza bearing zimekwisha. Yote hayo nusu saa haifiki.

Na bei taja baada ya kufungua, kamwe sio kabla.

Kijana_wa_Njombe:
Mimi nasema usiuze yuzdi kabisa. Mwaka juzi nilinunua chensoo ya mkono wa pili dukani, sio kijiweni, DUKANI, imepakwa rangi inang'aa, stika mpya, nikaambiwa imetumika miezi mitatu. Wiki ya pili nikiwa msituni na kazi ya watu ikaganda. Fundi kufungua anakuta silinda sio ya mashine ile, ni kopi, na baa ilikuwa ya zamani imepigwa msasa. Nilirudi wakaniambia yuzdi haina garantii. Nilikuwa nimekopa kikoba hiyo hela, nimelipa deni la mashine ambayo haifanyi kazi. Sijakanyaga tena duka lile hata kununua plagi na kila anayeniuliza namwambia asiende. Sasa jiulize na wewe, hiyo faida ya laki moja mbili inafaa kupoteza jina?

Mama_Mbao:
Pole sana mdogo wangu. Ila kosa hapo naona ni la kuficha, sio la yuzdi. Kaka wa Mafinga, mimi nina mashine ya dingidongi ya kupasulia mbao na chensoo tatu, mbili nilinunua zimetumika na zinafanya kazi mpaka leo kwa sababu aliyeniuzia aliniambia ukweli, hii nimebadilisha pistoni, hii tangi lilivuja. Ushauri wangu usitoe hela yako. Ichukue kwa mali kauli, ikae dukani na karatasi yake ya ubovu na uzima, ikiuzwa unakata chako, kinachobaki kinaingia kwenye mashine mpya ya mwenyewe. Mtaji haulali kwenye shelfu.

Na msisahau breki ya cheni jamani. Hizi Stihl 070 za zamani nyingi hazina, na hata mashine zenye breki unakuta imefungwa waya. Ncha ya baa ikigonga kwenye gogo mashine inaweza kurudi usoni. Kama breki haishiki isitoke dukani, hata mteja akikubali.

Afande_mstaafu:
Wote mmezungumzia injini, hakuna aliyezungumzia wizi. Chensoo zinaibiwa sana kwenye kambi za msituni, na duka ndilo litakalokutwa na mali. Kila mashine inayoingia andika namba iliyogongwa kwenye bodi, piga picha, chukua kopi ya kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Namba imesagwa? Mrudishie hapo hapo, usibishane. Ukiuza toa risiti yenye namba ile ile, na kabla ya yote pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) uulize usajili wa msumeno unahamaje kwenda kwa mmiliki mpya.

Mbao_Mufindi:
Asanteni sana, kijana wa Njombe pole mno ndugu yangu. Fundi swali moja, zile zilizokufa kabisa nifanyeje? Hata hizo wanaleta.

FundiKabureta:
Hizo nunua kama spea, kwa bei ya spea, na mwambie hivyo mwenyewe. Koili, kabureta, klachi, mpini, kava, vyote vinauzika kama ni orijino. Ila chunguza, kopi za Stihl zimejaa, ukichanganya kifaa cha kopi kwenye mashine ya orijino umerudi kule kule kwa yule kijana.

Mbao_Mufindi:
Nimeelewa. Naanza na mali kauli kwa mashine nilizouza mwenyewe tu, maana risiti na namba zake ninazo kwenye daftari. Geji naagiza Iringa kesho. Garantii nafikiria siku 30 kwa injini, kijana wa Njombe wewe ungekubali siku ngapi?

Kijana_wa_Njombe:
30 ningekubali. Ila iandikwe kwenye risiti mkuu, isiwe ya mdomo.