Maganda ya waru (viazi) na vitunguu, nitoe antioksidanti bila kemikali kali?

KrispiNakuru:
Wadau habari zenu. Niko Nakuru, napika krispi, kila siku nabaki na magunia ya maganda ya waru za Molo na jirani yangu anauzia hoteli vitunguu na karoti zilizokatwa, maganda yake pia yanaishia jaani. Nasikia yana antioksidanti za kuzuia mafuta ya kukaangia yasichache haraka. Lakini kila nikisoma naona metanoli na heksani, zile kemikali kali za kuyeyushia, na hii kitu italiwa na watoto wa watu, siwezi. Kuna njia safi? Nianze na gani?

MtuWaNjoro:
Ndugu anza na vitunguu, lile ganda kavu la nje, ndilo lina kwasetini, hiyo antioksidanti unayotafuta, nyingi kuliko hata nyama ya kitunguu yenyewe. Anika kivulini, saga, kisha loweka kwa ethanoli (pombe) iliyochanganywa na maji, ethanoli iwe asilimia 60 au 70. Usitumie ethanoli tupu, maji ndiyo yanavimbisha ganda na ethanoli inaingia kubeba mzigo. Pasha kama nyuzi 50 kwa saa moja ukikoroga, sufuria ndani ya maji moto, MBALI na jiko la gesi au makaa maana mvuke wake unashika moto haraka sana. Ethanoli unaweza kuivukiza na kuitumia tena, inachemka nyuzi 78, ila kabla ununue mtambo wa kudistili uliza KRA, watu wa ushuru, mambo ya leseni.

NyarKisumu:
Hizo za waru naomba uache kwanza. Ni kweli zina asidi ya klorojeniki, ambayo ni antioksidanti, lakini pia kuna solanini, sumu ya asili ya waru, hasa zikiwa kijani au zimeota, na ethanoli inaitoa pamoja na hiyo nzuri. Kupika hakuimalizi. Bila maabara kukupimia usiweke kwa chakula.

Karoti nazo hazihitaji pombe. Karotini, ile rangi ya karoti, inapenda mafuta, so loweka maganda makavu kwa mafuta ya alizeti yenye joto kidogo, chuja, umemaliza, solventi (kiyeyushi) yenyewe inaliwa. Weka chupa gizani. Lakini si ya karai la krispi, moto ule utaiua.

KrispiNakuru:
Asante sana dada, kumbe waru ndizo nilikuwa nazo nyingi 😔 Basi kwasetini naimwaga tu kwa mafuta?

MtuWaNjoro:
Hapana, haiyeyuki vizuri kwa mafuta, utaona tope chini. Mimi ningekausha ile dondoo, yaani kilichotolewa kwa ganda, iwe unga, niichanganye na viungo unavyonyunyiza krispi zikishatoka motoni, kwa sababu hata kwenye pakiti mafuta bado yanaendelea kuchacha. Jaribu kidogo kidogo, pakiti chache zenye unga na zingine bila, zote mahali pamoja pa joto, kila wiki unusa. Kabla ya kuuza peleka sampuli wapime, chuo kikuu cha Egerton ni hapo tu Njoro.

KrispiNakuru:
Sawa mkubwa. Kesho nachukua maganda ya jirani.