Tupeane uzoefu: mhudumu aliyejua umebeba kiwewe alikuhudumiaje?

Habari zenu wakuu. Dawa za sonona zina uzi wake, leo naomba visa vya namna ulivyopokelewa. Nani alikuomba ruhusa kabla ya kukugusa, nani alifunga mlango, nani alikulazimisha usimulie upya mbele za watu. Huduma nzuri ya namna hii wataalamu wanaiita matibabu yanayozingatia kiwewe, yaani jeraha la moyoni linalobaki baada ya tukio la kutisha: mhudumu anachukulia kwamba huenda huyu aliumizwa, hata kama hajasema. Asiyetaka kueleza kilichomtokea asieleze.

Binti Temeke
Nilibakwa. Polisi nilieleza nipate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Hospitali, mapokezi wakaniuliza kwa sauti foleni nzima ikisikiliza, daktari naye akataka nianze upya. Nikaondoka bila kupimwa. Kesho yake dada akanipeleka kituo cha mkono kwa mkono, ambako polisi, muuguzi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Muuguzi akasoma karatasi, akasema, "Haya ninayo, usirudie." Kisha: "Sasa nitashika mkono wako wa kushoto nitoe damu. Ukisema subiri, nasubiri." Nilisema subiri, na kweli akasubiri, sindano mkononi, wala hakuguna. Saa 72 za mwisho za kuanza dawa za kuzuia VVU zilikuwa hazijapita, nikapewa.

Mzee wa Nairobi
Mimi ni manusura wa bomu la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Mlio wa kwanza ulituvuta madirishani kuchungulia, wa pili ukatupasulia vioo usoni. Ndiyo maana wengi waliumia macho. Miaka mingi baadaye nilienda kwa mshauri nasaha, akaniketisha kando ya dirisha kubwa na kunitaka nisimulie tangu mwanzo. Sikusikia alichosema, macho yangu yalikuwa kwenye kile kioo. Niliyempata baadaye alisema, "Mzee, chagua pa kukaa." Nikavuta kiti hadi ukutani, karibu na mlango. Hakuuliza kwa nini. Vikao vya kwanza tuliongea habari za usingizi tu, na namna ya kuvuta pumzi jasho likianza kunitoka. Bomu lenyewe nililitaja mimi, siku niliyotaka.

Kijana wa Mbozi
Mazuri yote hayo, ila huku wagonjwa wamejaa hadi chini ya mwembe na daktari ni mmoja. Nani ana muda wa kuchagua viti?

Sista wa Wodi
Mdogo wangu, nafanya kazi wodi ya akili, na kinachokula muda ni purukushani. Mtu aliyewahi kukabwa, ukimvamia na wanaume wanne mmchome sindano, mwili wake haujui kwamba hapo ni hospitali. Atapigana kuokoa roho yake. Kisha kwenye faili anaandikwa mkorofi, dozi inapandishwa. Kwetu anabaki naye muuguzi mmoja aliyemzoea, wengine wanarudi nyuma. Anaulizwa: vidonge au sindano? Bega au tako? Mara nyingi anachagua. Siku mbaya bado tunalazimika kumshika, siwadanganyi, ila akitulia lazima mtu arudi kumweleza kwa nini.

Mwanzisha uzi
Asante sista. Wanaume mlioumizwa utotoni mbona kimya? Asiyetaka kuandika hapa, inboksi yangu iko wazi. Na walio mikoani, tajeni vituo vya mkono kwa mkono mnavyovijua, maana kuna watu wanasoma bila kuchangia.