Naomba ushauri: vibarua wa ujenzi wa madarasa hawana mkataba

Ndugu wanachama, shule ya umma ambayo mimi ni mmoja wa halmashauri yake, huku Embakasi, inajengewa madarasa kwa fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa serikali ya Kenya wa maendeleo ya maeneo bunge. Mwanakandarasi huwalipa vijana wa mtaa kila jioni bila maandishi yoyote, ingawa wamefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya mwezi, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humhesabu kibarua wa namna hiyo kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Yeye hujibu kwamba zabuni haikutaja hayo, jibu ambalo kwangu ni la kukwepa. Je, tuiombe kamati ya eneo bunge izuie malipo ya awamu ijayo, au twende moja kwa moja kwa afisa wa leba?