Rimoti ya kreni tani 5: ya Taiwan au ya Mjerumani?

Karakana_Mtwara: Wakuu, salaam. Nina kreni ya juu, tani 5. Kebo ya swichi ya kuning'inia imekatikakatika, nataka rimoti. Nimepewa bei mbili: F21-E1B ya Taiwan na HBC ya Ujerumani. Hii ya pili bei yake imeniacha mdomo wazi. Jumatatu natakiwa nilipe.

Fundi Mikindani: Hujasema kitu, mkuu. Koili za kontakta (swichi za sumaku zinazowasha mota) ni volti ngapi? Spidi moja au mbili?

Karakana_Mtwara: 380.

Fundi Mikindani: Hiyo ya mota! Fungua paneli, soma kwenye koili.

KusiKusi: Chukua F21. Inakula betri mbili za AA, unazipata duka lolote. Ya Mjerumani chaja ikifa utaisubiri meli.

Mwana wa Lindi: Msibishanie jina, angalieni nani anafunga. Sisi tulifungiwa rimoti, siku ya kwanza safi kabisa. Wiki ya tatu tunapandisha mota ya pampu, kidole kimetoka kwenye kitufe, mzigo unaendelea kupanda. Bonyeza STOP, wapi! Limiti ya juu (swichi ya kuzuia hook isipande mno) nayo haikusaidia, maana inakata koili tu, na kontakta ilikuwa imeshaungana meno, haiachii. Kijana alikimbilia swichi kubwa ukutani, hook imebakiza kama shubiri igonge ngoma ya kuzungushia waya. Kufungua paneli, nyaya mbili za MAIN, zile STOP inazotumia kukata umeme, zimekunjwa na kufungwa tepu nyeusi. Fundi hakuzipeleka kontakta kuu, ile ya umeme wa kreni yote. Nilimwuliza, akasema "mbona inafanya kazi?"

Fundi Mikindani: Ndiyo hiyo. MAIN iende koili ya kontakta kuu, usiijadili. Na juu/chini zizuiane kwenye kontakta zenyewe, moja ikiwaka nyingine isiwake, usitegemee rimoti pekee.

Karakana_Mtwara: Nimesoma, koili zimeandikwa 48.

Fundi Mikindani: Basi mwambie muuzaji risiva (boksi linalopokea rimoti) ije ya 48, asikupe ya 220. Spidi je?

Bi Umeme: Swichi ya zamani msiing'oe. Rimoti ikigoma utashushaje mzigo?

KusiKusi: Ikiachwa sambamba, mmoja anapandisha huku, mwingine anashusha kule.

Bi Umeme: Ndiyo maana kuna swichi ya kuchagua, kaka. Moja ikiwaka nyingine imekufa. Sikusema uziunganishe kama taa za harusi.

Fundi Shangani: Risiva ikae nje ya paneli, ndani ya bati haisikii. Matundu ya nyaya yaangalie chini. Hapa kwetu chumvi inakula hata bawaba, nimefungua boksi la mwaka mmoja terminali zote kijani.

KusiKusi: Kijani ni shaba ya bei rahisi, si chumvi.

Fundi Shangani: Wewe unakaa Masasi, chumvi utaijulia wapi?

KusiKusi: Masasi tuna vumbi na korosho, vyombo vyetu vinadumu 😂

Fundi Mikindani: Karakana, spidi moja au mbili? F21-E1B ni ya spidi moja.

Karakana_Mtwara: Ngoja nimuulize mwendeshaji, ameenda kula.