Boksi zima la tiketi na picha za safari, skrapubuku inaanziaje?

MamaWawili ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie, msinicheke. Mimi na mzee wangu na watoto wawili tumejiwekea utaratibu kila tukipata likizo na hela ikiruhusu tunatoka, tumeenda Zanzibar Desemba 2018, tukalala Mikumi siku mbili 2021, na Agosti 2024 tukapanda treni ya SGR mpaka Dodoma maana watoto walitusumbua wiki nzima. Kila safari mimi natupia vitu kwenye boksi la viatu, tiketi ya boti, risiti, karatasi ya sabuni ya hoteli (ndio, najijua), mchanga wa Nungwi kwenye kichupa, karafuu, na mwiba wa nungunungu aliouokota huyu wangu mkubwa kule Mikumi. Picha ziko kwenye simu, nimehesabu zimefika 1,900 na kitu na nusu yake ni vidole vya watu.

Sasa juzi nimefungua boksi nikasema ngoja nitengeneze skrapubuku, kitabu cha kubandika kumbukumbu, kama zile naziona mitandaoni. Risiti zote za Zanzibar nyeupe peee! Hakuna hata herufi, hotel hakuna, chakula hakuna. Nikanunua kauntabuku kubwa na gundi nyeupe ya maji nikabandika ukurasa wa kwanza, asubuhi naukuta umejikunja kama chapati, na picha imeingia mawimbi. Nimekata tamaa kidogo.

Maswali yangu: gundi gani inafaa, je nisafishe picha zote, zile risiti zinarudi? Na tiketi ya treni ilikuja kwenye simu tu, hiyo nabandika nini? Bajeti ni ya kawaida, sio ya kuagiza vitu nje.

KakaSteshenari amejibu:

Dada pole. Mimi nauza vifaa vya ofisi na kutoa fotokopi mwaka wa 9 huu, hilo la risiti naletewa kila siku na watu wa mahesabu wanalia kabisa. Zile risiti za mashine hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayobadilika rangi ikipata joto, mashine inachoma tu herufi. Kwa hiyo jua, joto la boksi juu ya kabati, mafuta ya mkono, hata mfuko wa plastiki, vyote vinaifuta. Ikishafutika kabisa usitegemee irudi, na TAFADHALI usiipeleke laminesheni, ile mashine ina moto, risiti inatoka nyeusi tii kama masizi, nimeshaharibu ya mteja siku za mwanzo najua ninachosema. Zilizobaki zipige picha leo leo au zitoe fotokopi, ubandike kopi, ya asili weka kwenye bahasha.

Gundi ya maji ndio imekukunjia ukurasa, karatasi imekunywa maji upande mmoja. Tumia gundi ya kijiti, ile ya kuzungusha kama lipstiki, au selotepu ya pande mbili vipande vidogo kwenye pembe. Selotepu ya kawaida usiguse, miaka michache inakuwa njano inaacha utomvu. Ila kwa picha zenyewe mimi nakushauri usigundishe kabisa, kunja vikona vya karatasi vinne, gundisha vikona, picha unachomeka. Siku ukitaka kuitoa inatoka nzima. Wenye albamu za zamani zile za kunata zenye nailoni juu wanajua, picha za harusi za wazazi hazibanduki mpaka zichanike.

Na kauntabuku ukibandika kila ukurasa itavimba mpaka haifungi. Kata ukurasa mmoja uache mmoja, ila usikate mpaka kwenye mshono, acha kipande cha kama sentimita 2, hicho ndio kinabeba unene. Au nunua karatasi nene za kuchorea, ukimaliza utoboe ufunge spairo. Manila ni nzuri kwa macho ila zile za bei rahisi zinapauka.

mtu_wa_pwani88 amejibu:

Jamani si uweke status tu yaishe 😂 1,900 picha unabandika unafungua makumbusho ya taifa?

MamaWawili amejibu:

Status inakaa masaa 24 mkuu 😂😂

Dogo_Temeke amejibu:

@mtu_wa_pwani88 usimcheke. Mimi nilikwapuliwa simu dirishani kwenye daladala, picha zote za safari ya Lushoto na marehemu babu zilikuwa humo, sikuwa nimehifadhi popote. Iliyobaki ni moja tu bibi aliniomba nimsafishie, iko ukutani kwake. Moja. Kwa hiyo dada kabla ya gundi na mikasi hamisha kwanza hizo picha sehemu mbili.

BintiWaUnguja amejibu:

Mashallah nimeipenda hii. Dada hiyo safari ya 2018, tazama kwenye picha za Forodhani, nyuma yenu lazima itakuwepo Beit el Ajaib, jumba la maajabu. Ile picha usiiache hata kama mmetoka mmefumba macho. Lile jengo alilijenga Sultan Barghash mwaka 1883 na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele ikaporomoka, nyie mmelipata bado limesimama na mnara wake. Mie niliyezaliwa Mjini hapa hapa nina picha moja tu na mnara umekatwa juu, kwa sababu nilikuwa nampiga mwanangu anakula urojo, nani angewaza. Andika chini mwezi na mwaka, mjukuu wako atakuja kuuliza.

Halafu karafuu usizipachike kwenye ukurasa wenyewe, zina mafuta, zitafanya doa linapita mpaka kurasa tatu mbele. Zifunge kwenye kibahasha kidogo na kibahasha ukiweke mwishoni, kitabu kizima kinanukia vizuri. Mchanga bakisha kwenye kichupa, ukiuweka kitabuni unakwaruza picha. Na kwa wengine wanaosoma hapa, makombe na matumbawe mtuachie baharini, chukueni picha.

Joto la pwani nalo, mie albamu ya mamaangu imepiga ukungu kwa sababu ilikaa kabatini ukuta unaotoa unyevu. Vile vipakti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya au mikoba usivitupe, weka viwili vitatu kwenye boksi la kitabu.

Mlinzi_Mstaafu amejibu:

MamaWawili huo mwiba wa nungunungu utoe kwenye hesabu. Sikutishi, ila manyoya, mifupa, kucha, miiba, vyote ni nyara za serikali kwa sheria ya wanyamapori ya 2009, huruhusiwi kukaa navyo bila kibali, na hifadhini hakiokotwi kitu hata jiwe. Watu wanajua meno ya tembo tu. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uwaeleze mtoto aliokota, uukabidhi. Na mwambie mtoto auchore, mchoro wake utakuwa mzuri kuliko mwiba.

MamaWawili amejibu:

Mungu wangu!! Sikujua kabisa, umekaa miaka yote hiyo juu ya kabati. Kesho asubuhi naenda. Asante sana mzee wangu.

MzeeWaReli amejibu:

Binti, wenzangu wamekujibu vizuri mambo ya gundi, mimi niseme la ndani ya ukurasa. Nina daftari langu la safari ya treni ya TAZARA mwaka 1998, Dar mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, nilikuwa kijana natafuta biashara Zambia, biashara yenyewe ilikufa lakini daftari lipo. Nilikuwa na kamera ya mkanda wa picha 36. Tulipofika Makambako nikafungua mgongo wa kamera nione zimebaki ngapi. Wakubwa mnaoelewa mshacheka. Mwanga ukaingia, picha za bonde la Kilombero, za mahandaki yale ya Mlimba kupanda juu, zote zikaungua, zilizopona 11.

Sasa sikiliza, hizo 11 watu wakija nyumbani hawaziangalii sana. Wanachosoma ni maandishi, maana kwa hasira ya kupoteza picha nilianza kuandika kila kitu kwenye pembe za daftari. Mama aliyeingia Ifakara na debe la mchele akalala juu yake kama godoro asije akaibiwa. Baridi ya Makambako usiku nimevaa shati la mikono mifupi. Mpakani nimeandika "tumetoka Tunduma saa nne tumefika Nakonde saa tatu", kwa sababu Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na mimi kwa ushamba nilibishana na mtu kuhusu saa yangu karibu nishuke tupigane. Nimebandika na noti ya kwacha 500 yenye tai, ile kwacha ya zamani kabla hawajaondoa sifuri tatu mwaka 2013. Niliibakisha ninunue chai nikasinzia, leo hainunui kitu ila wajukuu wanaigombania.

Kwa hiyo usisafishe picha 1,900. Wala 200. Chukua safari moja, chagua kumi na mbili, na usipange kwa tarehe kama ripoti ya kazini, ukurasa mmoja uwe na jambo moja. Ukurasa wa boti. Ukurasa wa chakula. Ukurasa wa mtoto aliyepotea dakika kumi. Na kila ukurasa andika kitu kimoja ambacho mtu alitamka, kwa maneno yake yale yale, hata kama ni tusi dogo.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kalamu ya wino inagandamiza inatokeza mbele.

MamaWawili amejibu:

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kufungua kamera nimecheka mpaka mtoto kaamka. Lakini sasa mimi sikuandika chochote wakati ule, nitakumbukaje ya 2018?

MzeeWaReli amejibu:

Marahaba. Mlikuwa wanne, waulize hao wengine watatu. Kila mmoja peke yake, wasisikizane.

KakaSteshenari amejibu:

Na kwa risiti zilizofutika, kama simu ya zamani ipo iwashe, ujumbe wa miamala umo, unakupa tarehe, saa na kiasi. Picha nazo zina saa ndani yake, ukigusa maelezo ya picha unaona. Tiketi ya treni ya simu ipige skrinishoti, ichapishe ndogo kama tiketi, kata. Usichapishe yenye namba yako ya kitambulisho ukaja kuiweka mitandaoni lakini.

MamaWawili amejibu (wiki tatu baadaye):

Wakuu narudi na mrejesho. Kwanza mwiba nimeukabidhi, yule afisa alinisikiliza vizuri tu, akamuuliza mtoto aliuona wapi wakaongea mambo ya nungunungu nusu saa. Mchoro umeshaingia kwenye ukurasa, nungunungu ana miguu sita, nimeuacha hivyo hivyo.

Simu ya zamani imewaka baada ya kuchajiwa usiku kucha! Nimekuta tulitumia hela ya boti, ya chumba, na muamala mmoja saa 5 usiku siku ya pili ambao hatukuuelewa, tumebishana siku mbili, mpaka mdogo akasema si mlininunulia viatu vya kuogelea kwa yule kaka baada ya vyangu kuchukuliwa na maji. Alikuwa na miaka 5 wakati ule! Basi ukurasa mzima umekuwa wa viatu. Beit el Ajaib ipo pia, dada wa Unguja ubarikiwe, mzee wangu kaziba nusu ya jengo kwa kofia lakini mnara unaonekana.

Nimetumia karatasi za kuchorea na vikona, gundi ya kijiti kwa tiketi tu. Spairo tutafunga nikimaliza. Zanzibar imechukua kurasa 9, sikutegemea.

Ugomvi uliopo ni ukurasa wa boti. Niliwauliza mmoja mmoja kama mzee alivyoelekeza. Mimi nikaandika "mawimbi yalikuwa makubwa, Baba akatapika kwenye mfuko wa andazi". Nikaacha kitabu mezani. Narudi toka sokoni nakuta chini yake kuna mwandiko wa mtu mzima kwa kalamu nyekundu: "Si kweli. Aliyetapika ni mama yenu, na maandazi yalikuwa bado yamo ndani."

BintiWaUnguja amejibu:

😂😂😂 usilifute hilo wallahi. Watoto wanasemaje?

MamaWawili amejibu:

Mkubwa anasema ni baba, mdogo anasema ni mimi. Nimeacha nafasi ya mistari minne, mama mkwe anakuja Jumamosi, alikuwa bandarini kutupokea na mfuko ule aliubeba yeye.