Kichanga wa miezi 5 kulalishwa kwa ngiri, hataharibika akili? Naomba ushauri

Mama Faraja: Jamani, silali. Kichanga wangu ana ngiri ya kinena, upasuaji ulipangwa Alhamisi. Dada yake alilalishwa akiwa na miaka 2. Leo ana 9, anarudia la tatu. Ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti. Ile dawa ya usingizi haili ubongo?

Papa Nyawera: Mimi nilirudia la nne bila kupasuliwa popote. Mpira tu.

Mama Neema: Watoto wa leo ni simu. Omba, mama.

Muuguzi Bagira: Hofu ilianzia kwenye majaribio ya panya na nyani. Mwaka 2016 Marekani walionya kuhusu watoto chini ya miaka 3 wanaolalishwa zaidi ya saa 3, au mara nyingi. Lakini 2019 yalitoka majibu ya vichanga 722 wa ngiri: wengine walilalishwa, kwa kawaida muda usiofika saa moja, wengine walidungwa ganzi mgongoni wakabaki macho. Kwenye miaka 5 akili zao zilikuwa sawa. Huyo dada alilala muda gani? Aliugua nini tena?

Mama Faraja: Hata saa haikuisha. Mafua tu.

Muuguzi Bagira: Miaka 7 yote, mafua tu?

Mama Faraja: Sawa. Akiwa na miaka 4, malaria. Degedege, siku mbili hakutufahamu. Lakini alipona! Nani hajaugua malaria? Na docta nimeshamwambia Alhamisi hatuji, tunangoja kichanga afike miaka 3. Bibi yake anamfunga kitambaa kwenye ngiri.

Papa Nyawera: Malaria ya hivyo Bukavu, na baridi hii ya makoti? Uzi wa kutunga huu.

Mama Faraja: Tulikuwa Uvira, kwenye joto, kwa shemeji! Nitunge mtoto aliyekakamaa ili nipate nini?

Mzee Kadutu: Uvira! Lori letu lililala njiani, Ngomo, siku tatu, tukala mihogo ya mzigo wa watu…

Muuguzi Bagira: Mzee, ngoja kwanza. Mama Faraja, Kampala waliwapima watoto waliopona malaria ya ubongo, miaka 2 baadaye: karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shida ya kufikiri. Huko ndiko ningetazama. Na ngiri ya kichanga haingoji miaka 3, utumbo unaweza kunaswa. Kitambaa hakizuii. Kivimbe ukikisukuma kinarudi ndani?

Mama Faraja: Kinarudi. Leo asubuhi kimekawia.

Muuguzi Bagira: Kimekawia namna gani? Ni kigumu? Anatapika?

Papa Nyawera: Nafuta neno langu. Uko mtaa gani, mama? Nina pikipiki.