Palm peke yake au simu yenye kila kitu? (mjadala wa zamani, enzi Airtel ikiitwa Celtel)

mzee_wa_mwaloni
Wadau habari za leo. Mimi nanunua dagaa Ukerewe naleta Mwaloni pale Kirumba, wateja kama 140 hivi na nusu yao nawadai. Wiki iliyopita daftari limelowana kwenye boti, wino umesambaa mpaka gunia tatu za mama wa Buzuruga zimehamia kwa mtu mwingine kabisa, nimechoka. Shemeji yuko Dallas anakuja mwezi ujao, kasema nichague kimoja cha kuandikia madeni, Palm Tungsten E2, ile kompyuta ndogo ya mfukoni isiyopiga simu, au Treo 650, simu yenye Palm ndani yake. Simu ninayo, Nokia 1100 ya tochi. Mimi moyo uko kwenye Treo, vitu viwili mfukoni huku unashuka botini kimoja lazima kidondoke. Mnanishaurije?

kijana_wa_pasiansi
Chukua Treo mzee, unawaza nini. Ni Palm ile ile ndani, kioo 320 kwa 320 sawa na E2, ila hiyo ukimpata mteja kwenye orodha unabonyeza hapo hapo inapiga, siyo usome namba huku uje uiandike kule na vidole vimejaa magamba. Halafu ina vibonye vya herufi zote, meseji unaandika na dole gumba mbili fasta

dada_nyegezi
Kaka mimi sikubali. Nina miaka mitatu na Palm, na hicho kiuandishi chao cha kalamu wala hakisumbui, wiki ya kwanza tu ndio unahangaika, A unaandika kama V imepinduliwa na ndio imetosha. Shida ni chaji. Simu ukiwa katikati ya ziwa inatafuta mtandao muda wote, inajimaliza yenyewe, unafika Nansio imezima na madeni yako yote yamezima nayo. Hapo utamdai nani? Hiyo ya tochi iache ipige simu, inakaa na chaji siku kadhaa, Palm iwe daftari basi.

Ila nikuambie ukweli, kile changu cha kwanza kilikuwa kinatunza vitu kwenye memori inayotegemea betri, nikakiacha kwenye droo nikaenda msibani Geita wiki mbili, kurudi kiko cheupee kama kimetoka dukani leo. Nililia. E2 na Treo 650 hazina huo ugonjwa, zina flashi, betri ikiisha vitu vinabaki. Lakini bado nunua kadi ya SD uwe unakopi humo, maana kukopi kwenye kompyuta kunataka programu ya Palm, na intaneti kafe hawakubali uwawekee programu yako kwenye kompyuta yao.

kijana_wa_pasiansi
Dada Treo 650 betri inachomoka, anabeba ya akiba, kwisha

fundi_makoroboi
Mnabishana betri na la msingi hamjauliza. Marekani Treo ziko aina mbili, ya GSM inachukua laini zetu za Voda na Celtel, na ya CDMA kama za Sprint na Verizon, hiyo haina hata tundu la laini, ukiileta huku hupigi simu hata moja. Na hata ya GSM aulize kama imefungwa kwa mtandao wa kule. Chaja nayo asome yale maandishi madogo, kama ni volti 120 peke yake asiichomeke hapa, itanuka moshi. Naletewa hapa kwangu kila wiki zilizoungua hivyo.

mzee_wa_mwaloni
Wabeja sana jamani. Nimempigia shemeji usiku huu, kumbe alishanunua toka Jumamosi, Treo 650. Nikamwambia angalia kama kuna pa kuweka laini, akakaa kimyaaa, anageuza geuza, akasema shemeji hapa hamna kitu. Kwa hiyo dada wa Nyegezi umeshinda, napokea Palm yenye antena. Fundi, kadi za SD unazo, na za ukubwa gani?

fundi_makoroboi
Zipo, MB 128 inakutosha wewe na madeni ya Ukerewe nzima. Njoo mchana, asubuhi huwa hatuna umeme.